Ukienda strip klabu Marekani: tipu inatolewaje, na kwanini dada anakuja kwako au anakupita

Kitu cha kwanza cha kuelewa kabla hujaenda, na ukikielewa hiki mengine yote yanakuwa rahisi, ni kwamba yule dada unayemuona stejini akicheza na kuvua nguo kwenye klabu nyingi za Marekani halipwi mshahara. Na si hivyo tu, yeye ndo ameilipa klabu ili aingie kazini usiku ule. Kuna ada ya kufanya kazi pale, siku za katikati ya wiki inakuwa nafuu kidogo, Ijumaa na Jumamosi inapanda, akichelewa kufika inapanda tena. Afu mwisho wa shifti kuna mgao anaotakiwa kutoa: dijei anapewa chake, mabaunsa chao, yule mama wa chumba cha kubadilishia nguo chake, na sehemu nyingine hata kaunta inachukua. Kwahiyo saa mbili usiku wewe unaingia ukiwa umependeza, dada yuko pale anadaiwa tayari, na saa zake za kwanza mbili tatu ni za kurudisha hela ya klabu kabla hajaanza kutafuta ya kwake.

Nimefanya kazi kaunta kwenye klabu ya namna hii, na nimewaona madansa wakitoka usiku wa manane wakiwa na hela pungufu kuliko waliyokuja nayo. Hiyo inatokea kweli kabisa, hasa siku ya mvua au siku kuna mechi kubwa na watu wote macho kwenye TV. Ndo maana naandika hii, kwa sababu watu wetu wengi wanaofika kule kwa mara ya kwanza wanadhani wakishalipa mlangoni wamemaliza, dada ana mshahara wake na tipu ni hisani tu. Hapana. Tipu ndo mshahara wenyewe.

Klabu zinasema madansa si waajiriwa, ni watu wanaojitegemea wanaokodi nafasi. Jambo hili limepelekwa mahakamani mara nyingi na sehemu kadhaa madansa wameshinda. Jimbo la Washington mwaka 2024 lilipitisha sheria kwamba ada ambayo dansa anatozwa isizidi dola 150 au asilimia 30 ya alichoingiza kwenye shifti, inachukuliwa iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Los Angeles kuna klabu inaitwa Star Garden, madansa wake mwaka 2023 walijiunga na Actors' Equity ambacho ni chama cha waigizaji wa jukwaani, na zamani kidogo San Francisco kulikuwa na Lusty Lady ambapo wasichana walisaini mkataba wa chama 1997, mwaka 2003 wakaichukua sehemu nzima wakaiendesha kama ushirika mpaka ikafungwa 2013. Ila hizo ni chache mno. Ukiingia klabu yoyote bila kujua mambo yake ya ndani, chukulia kwamba dada anakula kile unachompa wewe na wenzako.

Sasa twende kwenye hela yenyewe.

Nenda na keshi, na uivunje kabla hujakaa. ATM ya ndani ya klabu ipo lakini makato yake yanauma sana, na ukiwa umekunywa unaitembelea mara tatu bila kujua, kwahiyo toa hela benki mapema, weka kiwango chako cha usiku mfukoni, kadi iache nyumbani kama unajijua. Ukifika mlangoni au kaunta sema unataka noti za dola moja moja, hawatakushangaa hata kidogo, wanazo mabunda na mabunda. Bunda la noti 20 au 40 linatosha kuanzia. Chukua na za tano tano chache. Kuna klabu zingine zinakupa chenji kwa noti za dola 2, zile ambazo mtaani huzioni kirahisi, lengo ni kwamba mteja atoe mbili pale ambapo angetoa moja, na kwa kweli inamsaidia dansa kwahiyo usizikatae.

Sarafu usimpe mtu stejini Marekani. Chuma kinateleza kwenye steji, mtu amevaa viatu vya kisigino cha inchi saba, akikanyaga kitu cha duara anaanguka, na kumrushia mtu chuma ni kumdhalilisha. Kanada hali ni tofauti kidogo kwa sababu sarafu yao ya dola moja ilianza mwaka 1987 ikachukua nafasi ya noti, na 1996 ikafuata sarafu ya dola mbili, kwahiyo kule kuna klabu zenye michezo ya kurusha sarafu, lakini hata huko angalia wenyeji wanafanyaje kabla hujainua mkono.

Kuna pia hela za klabu, yale makaratasi wanayokuuzia kwa kadi ili utumie ndani. Zinaonekana rahisi lakini unakatwa asilimia ukinunua, na dansa naye akienda kuzibadilisha kuwa keshi anakatwa. Yaani wewe umetoa ishirini, yeye haifiki ishirini. Keshi ni bora kwa pande zote, na hela ya karatasi la klabu ukitoka nayo nje ni takataka.

Ukiwa Las Vegas chagua klabu mwenyewe kabla ya kupanda gari. Madereva wengi pale wanalipwa na klabu kwa kila kichwa wanachopeleka, kwahiyo dereva akikwambia ile unayotaka imefungwa au ni mbaya, yawezekana anakupeleka kwenye kamisheni yake. Taja jina, shikilia hapo hapo.

Viti vya mbele vina bei

Hapa ndo watu wanakosea zaidi kuliko popote, na ndo kitu kinachowauma madansa kuliko hata matusi. Kuzunguka steji kuna viti, vimebanana na ukingo kabisa, na ule ukingo mara nyingi una kaubao kadogo ka kuwekea glasi na hela. Ukikaa pale, umekubali kutoa hela kwa kila dansa anayepanda. Hakuna tangazo ukutani linalosema hivyo, lakini kila anayefanya kazi mle ndani anakuhesabia hivyo. Huwezi kukaa pale nyimbo sita mikono kifuani, au mbaya zaidi unachezea simu, halafu dansa anapita mbele yako anatabasamu na wewe unaangalia chini kama hujamuona. Umekalia kiti ambacho mtu mwingine angekaa akatoa hela. Kwa lugha ya dansa, wewe umemfungia duka.

Kama huna hela ya kutoa, au unataka kwanza kuzoea mazingira, au umekuja kunywa tu na marafiki, kaa meza za nyuma au kaunta. Hakuna ubaya wowote, hakuna atakayekusema. Nunua kinywaji chako (klabu nyingi zina kiwango cha chini cha vinywaji, uliza), angalia kwa mbali, ukimpenda dansa mmoja inuka uende mpaka ukingoni, mpe, rudi ukakae. Hiyo ni adabu nzuri kabisa na dansa anaikumbuka kwa sababu umetoka kwenye kiti chako kwa ajili yake.

Kiasi gani? Cha chini kabisa kinachokubalika ni dola moja kwa wimbo kwa kila mtu aliyekaa mbele. Nasema kila mtu, maana kuna makundi ya watu watano wanakaa mbele, mmoja anatoa dola, wanne wanaangalia. Mmechukua viti vitano, zinatoka tano. Na mimi binafsi naona dola moja kwa sasa ni ndogo, hiyo ilikuwa dola moja miaka ya themanini na bado watu wanaitaja kama sheria wakati kodi ya nyumba imepanda mara ngapi. Toa mbili, toa tatu, ukimpenda toa tano. Dansa mmoja kwa kawaida anapewa nyimbo mbili au tatu kabla hajashuka, kwahiyo hesabu haikushindi: nyimbo mbili, dola nne au tano, umemheshimu. Na angalia ukumbi, kama umekaa pale peke yako na hakuna mwingine anayetoa, ongeza, kwa sababu amecheza nyimbo nzima mbili kwa ajili yako wewe mmoja.

Tofauti ya wimbo wa kwanza na wa pili pia ijue. Mara nyingi wimbo wa kwanza anakuwa bado na nguo, wa pili ndo anapunguza. Kuna wateja wanasubiri mpaka avue ndo watoe hela, na wanaona wameokoa. Dansa anaona. Anayetoa noti kwenye wimbo wa kwanza, kabla hajapata chochote, huyo ndo atarudiwa kwenye wa pili, atachezewa mbele yake, na dada akishuka anajua pa kuanzia.

Namna ya kutoa sasa. Njia salama popote ni kuilaza noti kwenye ukingo mbele yako, kwa urefu, aione. Ukitaka, ikunje katikati isimame kama kihema kidogo, taa za steji zinaimulika na anaiona hata akiwa kwenye nguzo upande wa pili. Basi. Yeye akija, atakuonyesha kama anataka uishikilie mkononi, au uiingize kwenye kile kikanda cha pajani au ukanda wa kiunoni. Akivuta ule mkanda kidogo kwa kidole, hiyo ni ruhusa, unaingiza noti kwa ncha za vidole na unatoa mkono wako. Asipovuta usijipe ruhusa. Noti usiiweke mdomoni ukitegemea aichukue kwa mdomo wake, noti imepita mikononi mwa maelfu ya watu, na usiifinyange kuwa kidonge ukamtupia, hiyo ni dharau na anapokuja kuokota inabidi afungue kidonge kimoja kimoja. Usimwonyeshe noti ukaivuta tena akisogea. Hilo nimeliona mara nyingi kutoka kwa vijana wanaotaka wenzao wacheke, na dansa anacheka pia usoni, ila kuanzia pale hakuna dada atakayekaa meza ile usiku kucha maana chumba cha kubadilishia wanaambiana kila kitu.

Kumwaga noti, yaani ile mvua ya hela unayoiona kwenye video za muziki, ina utaratibu wake pia. Atlanta ndo nyumbani kwa mambo hayo, klabu kama Magic City iliyofunguliwa 1985 imekuwa sehemu ya biashara ya muziki kabisa, maprodyuza wanapeleka nyimbo mpya kwa dijei waone madansa na wateja wanaitikiaje. Ukitaka kumwaga, bunda la noti moja moja unalishika kwenye kiganja cha mkono mmoja lilale bapa, kwa kidole gumba cha mkono mwingine unasukuma noti ya juu moja moja ziruke juu kisha zimwangukie taratibu. Unazirusha juu, humpigi nazo usoni. Na hela ikishagusa sakafu ni yake. Usiokote hata moja, hata kama imekuangukia kwenye kiatu, irudishe stejini. Mwisho wa nyimbo zake utaona anapiga magoti anazikusanya kwa mikono miwili, au mtu anakuja na ufagio na ndoo, zinasukumwa zote mle ndani zikahesabiwe nyuma. Pale ndo mahali pazuri pa kumsogezea zile zilizodondoka upande wako, na kusema asante, ulicheza vizuri. Hilo neno dogo wengi hawalisemi.

Dada anakuja au haji

Watu wananiuliza kwanini wenzao wanafuatwa na wao wanapitwa. Jibu ni kwamba dansa ana saa chache, na kila dakika kumi anayokaa na mtu asiyetoa ni dakika kumi amepoteza. Kwahiyo akishuka stejini anasoma ukumbi haraka sana. Anaangalia nani alitoa hela wakati anacheza. Anaangalia nani anamtazama usoni, nani yuko kwenye simu (simu mkononi ina shida mbili, inasema huna muda naye, na pili wanaogopa unarekodi, kurekodi ni marufuku na baunsa atakutoa mara moja). Anaangalia glasi yako kama ina kitu au umekaa na maji ya barafu yaliyoyeyuka tangu saa tatu. Anaangalia kundi, maana kundi la kelele la sherehe ya bwana harusi mara nyingi linasumbua sana na kutoa kidogo, wakati mzee mmoja aliyekaa kimya pembeni anaweza kuwa ndo mteja bora wa usiku.

Kwahiyo ukitaka akufuate, mambo ni mepesi. Mtunze akiwa stejini. Mtazame machoni, tabasamu. Ukimpa, mwambie ukimaliza pita hapa, au mwambie mhudumu anayeleta vinywaji kwamba ungependa fulani akija aje mezani kwako, na mhudumu mpe chake kwa kazi hiyo. Oga, jipulizie kidogo, vaa suruali nzito ya kawaida. Nguo za mazoezi na pensi nyepesi wanazijua maana yake na wanazikwepa, klabu nyingi hata mlangoni hawakuruhusu.

Akija akakaa, muulize jina, mpe lako, ongea kama na mtu yeyote mliyekutana leo. Ukitaka kukaa naye kwa muda bila dansi, sema wazi mapema: sihitaji dansi sasa hivi ila napenda kuongea na wewe, na umpe hela ya muda wake, ishirini kwa nyimbo chache si mbaya. Kumnunulia kinywaji ni vizuri lakini kinywaji hakimlipii umeme. Wapo wateja wanadhani wakishanunua kinywaji cha dola kumi na tano wamenunua saa nzima, na dada akiinuka baada ya robo saa wanalalamika kwamba ana maringo. Hana maringo, ana ada ya klabu ya kurudisha.

Na kama humtaki? Sema hapana, na useme mapema. Hii ndo zawadi kubwa zaidi unayoweza kumpa dansa bila kutoa hata senti. Asante dada, leo hapana, umependeza sana, kazi njema. Anaondoka hana kinyongo, anaenda kwa mwingine. Kinachowaumiza ni labda baadaye, subiri kidogo, nimalize bia hii kwanza, na wewe moyoni ulishajua tangu alipokaa kwamba huendi popote. Sisi tuliolelewa kuona aibu kumkatalia mtu usoni tunaongoza kwa hili. Tunadhani tunamstahi, kumbe tunamla muda. Na huna haja ya kutoa sababu, wala kumwambia unamsubiri yule mwenye nywele ndefu, hapana moja inatosha.

Usimuulize jina lake halisi. Usimuulize anaishi wapi, kwanini anafanya kazi hii, wazazi wanajua, ana mtoto, hivi huwezi kupata kazi nyingine. Ameulizwa maswali hayo na watu kumi usiku huo huo. Muulize muziki, muulize safari, muulize alivyojifunza kupanda ile nguzo (ni kazi ngumu kweli, mikono na mapaja yana michubuko, wanafanya mazoezi ya miezi na miezi), utaona uso wake unabadilika.

Dansi ya binafsi

Lapdansi, yaani dansi ya peke yako ukiwa umekaa kwenye kiti au kochi, inauzwa kwa wimbo. Kwa miaka mingi dola 20 kwa wimbo ndo ilikuwa bei inayotajwa sana Marekani, sasa klabu nyingi zimepita hapo, thelathini, arobaini, na zaidi kwenye miji mikubwa. Uliza kabla hujainuka kwenye kiti: ni bei gani, kwa wimbo mmoja au kwa muda, na sheria zenu za kugusa zikoje. Hakuna dansa mzoefu atakayekasirika kwa swali hilo, wanalipenda, linawaepusha na ugomvi mwishoni.

Nyimbo zihesabu mwenyewe. Hii ni ya muhimu kuliko unavyodhani. Dijei hachezi wimbo mzima wa dakika nne, mara nyingi anaukata kwenye dakika tatu hivi au hata chini ya hapo na kuunganisha na unaofuata bila kimya katikati, na wewe pale kichwa hakipo. Kila wimbo ukibadilika kunja kidole kimoja. Mdundo ukibadilika na yeye akaendelea kucheza, ni wimbo wa pili tayari, unadaiwa mara mbili. Kama ulitaka mmoja tu, mwambie mwanzoni, mmoja tu dada, na ukiisha mwambie asante, tuishie hapo. Ukinyamaza umekubali.

Mikono yako inakaa pembeni mpaka atakapoihamisha yeye mwenyewe. Sheria zinatofautiana kwa jimbo, kwa kaunti, hata kwa mji, kuna sehemu kugusa kabisa ni kosa na dansa ndo anayepigwa faini au kukamatwa, kwahiyo ukimng'ang'ania unahatarisha kibali chake cha kazi. Akisogeza mkono wako mara moja, ndo jibu hilo, usijaribu tena. Na usimuulize habari za kuondoka naye baada ya kazi au huduma za ziada. Anauza dansi. Mabaunsa wako karibu kuliko unavyoona.

Ukimaliza mlipe hapo hapo, mkononi, ukihesabu mbele yake. Ukiridhika ongezea tano au kumi juu ya bei, maana sehemu nyingi bei yenyewe klabu imekata fungu lake na ile nyongeza ndo inayobaki kwake yote.

Chumba cha VIP, yaani cha faragha wewe na dansa, ni ngazi nyingine, unanunua robo saa, nusu saa au saa, na bei inafika mamia ya dola haraka sana. Kabla hujapita lile pazia hakikisha unajua muda unaanza lini, hela ya klabu ni ngapi na ya dansa ni ngapi (mara nyingi ni malipo mawili tofauti, na hapa ndo watu wengi wanashtuka), chupa ni lazima au hiari, na kuna makato ya kadi asilimia ngapi. Ukilipa kwa kadi soma risiti kabla ya kusaini, jaza mwenyewe mstari wa tipu, na kama hutaki kuongeza pale pigia mstari, usiuache wazi. Wakikuomba alama ya kidole kwenye risiti usishangae, baadhi ya klabu wanafanya hivyo ili mtu asije kesho akakana malipo benki. Mimi ushauri wangu VIP usiingie ukiwa umelewa, kama huwezi kujumlisha namba tatu kichwani kaa ukumbini.

Na wengine wanaokuzunguka: kaunta dola moja au mbili kwa kinywaji, mhudumu wa meza vile vile, jamaa wa chooni anayekupa taulo dola moja, baunsa anayekupeleka VIP au kukutafutia meza nzuri kumi au ishirini. Dijei humpi isipokuwa unataka wimbo au jina la rafiki yako mwenye sherehe litangazwe, na hata hapo nyimbo za stejini ni chaguo la dansa, usilazimishe.

Ukienda na mke wako au mpenzi wako, kubalianeni nyumbani nani anaongea na nani anatoa hela, na dansa akija mwache asalimiane na mwanamke kwanza, wengi wao ndivyo wanavyofanya. Kinadada mnaoenda kama wateja, sheria ni ile ile, kuwa mwanamke hakukupi ruhusa ya kushika, na viti vya mbele vinalipiwa vile vile. Hili nalisema kwa sababu madansa wanalalamika sana kuhusu wateja wa kike wanaowapapasa wakidhani kati yao hakuna neno.

Kwa wale wanaorudi klabu moja kila wiki kwa dada mmoja, nawaambia kwa upendo. Anakumbuka jina lako, anakumbuka kazi yako, anakukumbatia ukiingia, na inawezekana kabisa anafurahi kukuona kweli. Hayo yote yanatokea kazini kwake na ndani ya muda uliolipia. Ukiheshimu mpaka huo mnaweza kuwa na uhusiano mzuri wa mteja na dansa kwa miaka. Ukianza kudai namba, kumnunia akikaa na mteja mwingine, kumsubiri pakingi, hapo umeshageuka kuwa tishio, na kumsubiri pakingi ni jambo la polisi. Kwenye ile sheria ya Washington waliweka hata vitufe vya dharura na walinzi wa lazima, na havikuwekwa kwa bahati mbaya.

Nje ya Marekani usibebe mazoea haya mazima mazima. Uingereza kwa mfano kwenye zile baa za zamani za mashariki mwa London, dansa anapita na glasi kubwa kabla ya kucheza, kila mtu anatumbukiza sarafu ya pauni, afu ndo anapanda. Kule sarafu ni sawa, na ukikwepa glasi ikipita kila mtu anakuona. Ulaya bara klabu nyingi hakuna desturi ya kutoa noti stejini, hela inatoka kwenye dansi za binafsi na vinywaji, na bei za vinywaji ndo mtego, kwahiyo omba orodha ya bei iliyoandikwa kabla hujamkubalia mtu yeyote chupa.

Hela uliyotenga ikiisha, umemaliza usiku wako. Usirudi ATM. Toka viti vya mbele kwanza, usikae pale mfuko mtupu ukisubiri marafiki, hamia kaunta, malizia kinywaji, na kama umebakiwa na noti mbili tatu za mojamoja hazina kazi nyumbani, ziache ukingoni kwa dada aliye juu muda huo hata kama hukumwangalia, afu mwombe baunsa wa mlangoni akuitie gari badala ya kusimama pakingi gizani.